Ghorofa Kumi na Tano, Bomba la Bangaloo

Jameni, siku hizi mitaa ya Nairobi kama Kilimani na Kileleshwa unalala una jirani mwenye bangaloo na mti wa parachichi, unaamka ploti imezungushiwa mabati na bango limesimama: ghorofa kumi na tano. Kwenye bango kuna picha ya mzungu anakimbia na mbwa. Mtaani hajawahi kuonekana, ila kila mradi lazima awemo.

Sina ugomvi na ghorofa, watu lazima walale mahali. Ugomvi wangu ni bomba. Hebu piga hesabu. Nusu ekari ilikuwa na watu watano, sita ukimhesabu mlinzi. Sasa weka nyumba nane kila ghorofa, mara kumi na tano: nyumba 120. Watu watatu watatu, ni 360. Kila mmoja lita 100 kwa siku, za kuoga, kufua, kupika na choo: lita 36,000. Bomba la barabarani ni lile lile la bangaloo, na maji ya jiji yenyewe huja kwa ratiba ya mgao tangu 2017.

Basi wanachimba kisima. Cha Nairobi huenda mita mia mbili na zaidi, na maji yake mara nyingi yana madini ya floraidi kupita kiwango kinachoruhusiwa cha miligramu 1.5 kwa lita. Meno ya watoto yanashika rangi ya chai. Pampu ikiungua, ni boza, yaani lori la maji, lita 10,000 kila moja, karibu nne kwa siku. Dereva hupiga honi saa kumi alfajiri kama aliyetumwa kutangaza kiyama.

Halafu presha. Tangi la paa liko mita tatu tu juu ya bafu la ghorofa ya mwisho, kwa hiyo maji yanadondoka kwa kusitasita na hita ya shawa inakataa kuwaka. Wa chini kabisa ana mita 45 za maji juu ya kichwa chake: bomba linatema, boya la tangi la choo linashindwa kufunga, maji yanamwagika usiku kucha. Dawa inajulikana: pampu ndogo ya kuongeza presha kwa ghorofa mbili za juu, na vali za kuipunguza huku chini. Lakini vali haipendezi kwenye bango, kwa hiyo inarukwa.

Na maji taka je? Nepi, pamba na mafuta ya chapati vikiziba bomba kuu, uchafu wa ghorofa zote hutafuta tundu la chini kabisa, nalo ni sakafu ya bafu la ghorofa ya chini. Huyo maskini anajua kila familia ilikula nini Jumapili. Angewekewa bomba lake peke yake hadi chemba ya nje, angelala.

Kwa hivyo ukienda kununua, wachana na marumaru. Uliza jenereta inaendesha nini. Mara nyingi ni lifti na taa za korido tu, pampu ya maji haimo. Stima ikipotea asubuhi, unashushwa vizuri kabisa kwenda kazini hujaoga. Mwambie muuzaji azime swichi kuu, mpande juu, mfungue bomba. Atakuambia ufunguo uko na keateka, yule mtunza jengo, na keateka ameenda ushago, kijijini kwao.