Bustani ya mtaa Dar isifanane na ya Copenhagen

Sisi wabongo wa Ulaya tuna kaugonjwa, tukiona kitu kizuri huku tunataka kiletwe nyumbani kama kilivyo. Mi naishi Copenhagen, Denmark, na kila nikipita Tåsinge Plads pale mtaa wa Østerbro naipenda sana, ni kabustani kadogo tu kati ya magorofa, zamani sehemu yake ilikuwa lami. Sasa Julai 2, 2011 mvua ilishuka hapa zaidi ya milimita 100 ndani ya masaa machache, besimenti za watu zikajaa maji, baadae jiji likakaa na wakazi, lami ikachimbuliwa, yakawekwa mabonde ya majani na miti ili maji yatulie hapo kabla hayajajaza mitaro. Ilifunguliwa 2014.

Hiyo akili ya maji tuibebe, pale Jangwani, lile bonde la Dar linalofurika, tunazijua mvua. Mengine yabaki hukuhuku. Mdenishi anatafuta jua, benchi analiweka peupe kabisa, mwezi wa tano wamejianika kama dagaa wa Mwanza, sasa benchi hilo uliweke Sinza saa saba mchana nani atakaa? Kwetu uanze na mwarobaini au mwembe, benchi lifuate kivuli, na mama ntilie asifukuzwe maana yeye ndo analeta watu. Bustani ya Forodhani pale Zanzibar ilivyokarabatiwa 2009 wauza misosi walipangiwa sehemu yao, jioni nenda ukaone.

Afu njia. Iwe na upana wa mita moja na sentimita 80 ili wilchea mbili, au wilchea na kigari cha mtoto, zipishane bila kugombana, kila mita moja isipande zaidi ya sentimita 5, pevingi zilale sawa kwasababu kwenye mchanga wa Dar magurudumu yanazama hata ukiwa na wa kukusukuma. Utata upo mlangoni: ukibananisha nguzo kuzuia bodaboda umemzuia na bibi mwenye wilchea, ukiacha kama mita moja bajaji haipiti ila bodaboda atapita tu, tusidanganyane, huyo dawa yake ni wazee wa bao waliokaa hapo kutwa.

Ila kabla ya mchoro wowote serikali ya mtaa ishike hati ya hilo eneo la wazi na mipaka ipimwe, maana Dar tunajua maeneo ya wazi yanavyoota fremu za maduka usiku mmoja.