Miche ya nyanya ikilala, anza kuangalia maji yako

Jamani hili linaniuma kila msimu, mtu ananunua mbegu chotara ya nyanya, tena kwa bei ya kuumiza, inaota vizuri tu halafu baada ya siku chache miche inaanza kulala, leo miwili, kesho kipande kizima cha tuta, basi maneno yanaanza, mara mbegu feki, mara mtu kaniroga, mara huyo dukani kununua dawa yoyote atakayopewa. Kiukweli mara nyingi ni maji, na hasa maji ya jioni.

Hicho ni kinyausi, ugonjwa wa kuoza shina la miche michanga. Vimelea vyake, pithiamu, raizoktonia na wenzao, vinaishi humo humo udongoni, vinasubiri tu ulowane na miche ibanane. Chuchumaa uangalie mche ulioanguka, majani bado ya kijani ila shina pale linapogusa udongo limenywea limekuwa kama uzi, la kahawia, ukilishika linateleza. Ukikuta limekatwa kabisa huyo ni sota, yule kiwavi anayekata miche, fukua pembeni utamkuta kajikunja. Na kama majani yanalegea mchana ila shina ni gumu na jua likipungua mche unanyanyuka, hapo ni jua na kiu. Sasa watu wengi wakiona mche umelala wanaongeza maji bila hata kuinama kuangalia, yaani ndo wanamalizia kabisa.

Mimi nasema mwagilia asubuhi, ili hadi giza linaingia udongo wa juu uwe umekauka. Chomeka kidole hadi pingili ya kwanza, ukikuta unyevu acha. Tumia keni yenye matundu madogo, sio kumwaga ndoo. Nyasi ulizofunika tuta zitoe mara tu mbegu zinapochomoza, na tuta liwe limeinuka maji yasituame. Halafu hii tabia ya kusia nyanya kama mchicha tuiache, piga mistari ya sentimita 10 hadi 15, ikibanana punguza, usiionee huruma.

Dawa siikatai, ila ujue unapiga nini, maana metalaksili inafanya kazi kwa pithiamu lakini raizoktonia haiiwezi, na mche ulioshalala hakuna dawa ya kuunyanyua, ung'oe na udongo wake ukatupe mbali. Msimu ujao usirudishe nyanya wala pilipili wala bilinganya kwenye tuta hilo hilo. Ukilazimika kulitumia, lowanisha udongo, funika kwa nailoni angavu wiki 4 hadi 6 kipindi cha jua kali, joto litavipunguza sana hivyo vimelea.

Wiki ya mwisho kabla ya kuhamishia shambani punguza maji kidogo kidogo na utoe kivuli ili miche ikomae, ila siku yenyewe mwagilia vya kutosha masaa machache kabla ya kung'oa, mizizi itoke na udongo wake.