Maandishi Meusi Yachapwe kwa Wino Mmoja

Ukifungua kitabu ukakuta kila herufi ina ukingo mwekundu upande mmoja na wa bluu upande wa pili, usikimbilie kumlaumu fundi wa mashine. Mara nyingi tatizo lilifika kiwandani likiwa tayari ndani ya faili: weusi wa maandishi umeundwa kwa wino wa rangi nne, wakati mmoja ungetosha.

Word na programu nyingine nyingi za kompyuta huunda rangi kwa mwanga, na kwa mwanga nyeusi ni sifuri tatu: nyekundu sifuri, kijani sifuri, bluu sifuri. Peleka sifuri hizo Photoshop, zigeuze kuwa wino kwa profaili ya SWOP, yaani maelekezo ya kugeuza rangi kwa kiwango cha uchapaji cha Marekani, ambayo wengi wetu tumeikuta humo na hatujaigusa, utapata asilimia hizi: sayani 75, majenta 68, njano 67 na nyeusi 90. Jumla ni asilimia 300 ya wino kwa herufi ya pointi 9. Skrini haikuonyeshi lolote. Karatasi itakuonyesha, kwa sababu herufi hiyo sasa inapigwa mara nne na kila mara inatakiwa ikae palepale.

Huku pwani ni vigumu ikae palepale. Karatasi hunyonya unyevu wa hewa na kutanuka, na mashine ya ofseti ya rangi moja hulazimika kupitisha karatasi ileile mara nne. Mpito mmoja ukifanyika leo na mwingine kesho, karatasi imeshabadilika. Pleti, bamba linalochapa wino wa rangi moja, ikihama sehemu ya kumi tu ya milimita, maandishi madogo yanapata ukungu. Nawafikiria watoto wanaoanza kusoma silabi, wanaopewa herufi zisizo na ukingo halisi, kisha tunasema hawapendi vitabu.

Tena kuna pesa. Mashine za kidijitali huhesabu ukurasa wenye chembe ya rangi kuwa ukurasa wa rangi. Mwandishi anayejichapishia riwaya yake anaweza kutozwa bei ya rangi kwa kitabu kizima ambacho msomaji atakiona cheusi na cheupe.

Msimamo wangu ni kwamba kurekebisha weusi ni kazi ya dizaina, wala si ya kiwanda. Dizaina ndiye anayejua weusi upi ulikusudiwa uweje. Kiwanda kikibanwa na muda kitabonyeza amri moja na kugeuza kila kilicho cheusi, na hapo ndipo ninapopishana na wenzangu wanaoona amri hiyo ni dawa ya kila kitu. Vivuli vya picha vinahitaji wino zote nne ili viwe na kina. Vibakishie mmoja na sura ya mtu inapauka. Jalada lenye eneo pana jeusi likichapwa kwa nyeusi 100 peke yake hutoka kama kijivu kilichokolea. Hapo mchanganyiko unafaa: sayani 60, majenta 40, njano 40, nyeusi 100, jumla 240. Kama ndani ya eneo hilo kuna maandishi madogo meupe, mimi huongeza sayani tu, maana pleti zikihama kidogo herufi nyeupe zinazibwa na rangi.

Kwa hiyo chagua: maandishi, mistari myembamba, misimbo pau na misimbo ya QR viwe na weusi mtupu, yaani wino mweusi peke yake. Picha ziache.

Kuna weusi unaojificha. Nyeusi 100 ya SWOP ikigeuzwa kuwa rangi ya skrini huwa #231F20. Dizaina anainakili kutoka kwenye nembo, anaiweka kwenye kazi mpya, na ikirudishwa kwenye wino inakuwa sayani 70, majenta 67, njano 64, nyeusi 74. Ukitafuta sifuri tatu peke yake, hii inakupita. Hata faili safi linaweza kuharibika likihamishwa kutoka profaili moja ya CMYK (wino hizo nne) kwenda nyingine, kwa kuwa katikati ya safari rangi hupimwa kwa jinsi jicho linavyoiona, na jicho halihesabu wino. Ile nyeusi 100 inagawanywa tena kwa pleti nne. Acrobat Pro, programu ya kukagua PDF, ina chaguo la kuhifadhi nyeusi wakati wa kugeuza rangi; liwashe.

Halafu hakikisha maandishi meusi yanapigwa juu ya rangi ya chini bila kuitoboa, la sivyo utaona nywele nyeupe kuzunguka herufi. InDesign, programu ya kupanga kurasa, hufanya hivyo yenyewe kwa nyeusi yake ya msingi. Illustrator, ya kuchora, inakutaka uamuru. Lakini usiamuru hivyo kwa kisanduku kikubwa cheusi kilichofunika nusu ya picha, kwa maana picha itaonekana ndani yake.

Kipimo ninachokiamini ni kimoja. Fungua PDF katika Acrobat Pro, nenda panapoonyesha pleti mojamoja, zima nyeusi. Ukurasa wa riwaya unatakiwa ubaki mweupe kabisa. Chochote kinachobaki hapo kirudishwe kwa aliyekitengeneza, na ningependa viwanda viandike sharti hilo kwenye karatasi ya bei, juu kabisa, kabla ya idadi ya nakala.