Bati la Kéré

Ikifika saa nane mchana, darasani kwetu hakuna aliyekuwa akisikiliza tena. Hatukuwa na dari. Juu ya vichwa ni kenchi, na juu ya kenchi ni bati, na jua la Dodoma la mwezi wa kumi halina utani. Mvua ikianza ndiyo balaa jingine: mwalimu anaweka chaki, anakaa, tunatazamana mpaka iishe, maana hata angepiga ukelele asingesikika. Nilimaliza darasa la saba nikijua kwamba shule ndivyo zilivyo, na joto ni sehemu ya masomo.

Msanifu majengo Diébédo Francis Kéré naye alisomea kwenye darasa la joto, huko Burkina Faso. Yeye hakukubali kwamba ndivyo zilivyo.

Alizaliwa mwaka 1965 katika kijiji cha Gando, mtoto mkubwa wa chifu. Kijiji hakikuwa na shule, hivyo alipofika miaka saba akapelekwa mji wa Tenkodogo. Mwaka 1985 akapata ufadhili wa kwenda Berlin kujifunza useremala. Mchana alijifunza kutengeneza samani na mapaa, usiku akasoma sekondari. Chuo kikuu cha ufundi cha Berlin aliingia mwaka 1995, akahitimu 2004, wakati huo ameshajenga shule nzima nyumbani kwao. Mwaka 2022 akapewa tuzo ya Pritzker, ambayo ndiyo kubwa kuliko zote katika usanifu majengo. Hakuna Mwafrika aliyewahi kuipata kabla yake.

Tangu siku hiyo kila nikisoma habari zake nakutana na maneno yaleyale: "msanifu wa udongo". Naona wanamsifu mahali ambapo siyo. Rudini kwenye hiyo habari ya kujifunza kutengeneza mapaa.

Udongo upo, sikatai. Shule ya msingi ya Gando, iliyokamilika mwaka 2001, kuta zake ni matofali ya udongo uliochanganywa na saruji kidogo, yakafyatuliwa kwa mashine ya mkono. Na kuwashawishi watu wa Gando haikuwa kazi ndogo. Kijana wao kaenda Ujerumani, kwenye majengo ya vioo, miaka imepita, halafu anarudi kuwaambia wajenge kwa udongo? Nyumba za udongo walikuwa nazo tayari, na walijua masika yakija zinafanya nini. Ilibidi awachoree mchangani, awajengee mfano, awape muda wa kuuliza. Ninayemheshimu hapo ni yule mtu aliyekubali kuulizwa. Udongo wenyewe hata sisi tunao.

Lakini tazama juu ya kuta hizo. Kwanza kuna dari, nayo ni ya matofali yaliyopangwa juu ya nondo, yakaachiwa nafasi za kupitisha hewa. Juu ya dari kuna kenchi, si za mbao bali za nondo nyembamba zilizochomelewa pamoja. Juu kabisa, mbali na dari, ndipo lilipo bati, limetokeza nje kote ili kuta zisipigwe na mvua wala jua. Bati likichomwa na jua, joto lake linaishia kwenye ule uwazi, upepo unalipeperusha. Hewa ya moto ya darasani inapanda, inatokea kwenye dari, na hewa iliyopoa inaingia madirishani. Hakuna feni hata moja. Winchi haikuwepo, kwa hiyo nondo zilikatwa kwa msumeno wa mkono na kuunganishwa kwa mashine ndogo ya kuchomelea, na waliofanya kazi hiyo ni wanakijiji waliofundishwa palepale. Shule ilianza na watoto 120, baadaye wakafika 700. Nyumba za walimu zikajengwa mwaka 2004, madarasa mengine 2008.

Yaani ni bati lilelile lililotupika sisi. Kalinyanyua tu.

Hilo ndilo linaloniudhi kwenye sifa za "udongo". Wengi wanaozitoa hawajawahi kulala kwenye nyumba ya tope mvua ikinyesha usiku kucha. Bibi yangu alizaliwa kwenye tembe na kulelewa kwenye tembe, na kila mwaka kazi ilikuwa ileile: kukandika ukuta, kupandisha udongo juu ya paa, kupigana na mchwa. Alipopata mbuzi wa kutosha aliuza, akanunua bati. Wageni waliokuja na kamera walisikitika kwamba tembe zinatoweka. Bibi hakusikitika. Alilala kwa joto, lakini alilala pakavu, na jirani walimwita mwenye nyumba ya bati. Mtu akija leo kumwambia arudi kwenye udongo kwa sababu kuna Mwafrika kapewa tuzo, atamfukuza kwa mwiko.

Kéré hakumwambia mtu arudi kokote. Alikuta watu wanataka bati, akawaachia bati lao. Alikuta saruji ni ghali, akaweka kidogo panapohitajika.

Hapo Kenya kaskazini, kando ya Ziwa Turkana, kuna kazi yake ambayo inanipa uhakika zaidi: Startup Lions Campus, ya mwaka 2021, ambapo vijana hujifunza kazi za kompyuta. Turkana ni joto na vumbi, na kompyuta hazipendi lolote kati ya hayo. Kuta huko si za udongo, ni za mawe yaliyochimbwa eneo hilohilo, yakapigwa lipu ya rangi ya udongo. Kinachopoza jengo ni minara mirefu inayotoa hewa ya moto juu, wakati hewa safi inaingia kwa chini. Umbo lake kalitoa kwenye vichuguu vya huko. Kwa hiyo hata pale ambapo udongo haupo, Kéré yupo. Anayemwita msanifu wa udongo amweleze kwanza mchwa wa Turkana.

(Na sisi tusijifanye hatukuwa na wa kwetu. Beda Amuli alisanifu Soko la Kariakoo miaka ya 1970, yale mapaa ya zege kama miavuli. Tumepita chini yake miaka mingi tukibishana bei ya nyanya, na ni wachache waliouliza jina la aliyelichora.)

Mwaka jana nilimjengea mama vyumba viwili. Nilimwambia fundi: tuweke dari, halafu tunyanyue bati, tuache uwazi wa futi mbili. Akacheka kwanza.

"Dada, upepo utaliondoa lote. Na popo je?"

Nikamwonyesha picha za Gando kwenye simu. Akazikuza kwa vidole, akanyamaza, akaangalia zile kenchi muda mrefu kuliko nilivyotegemea. Halafu akaanza kuhesabu nondo kwa sauti, akafika mahali akatikisa kichwa: hela niliyokuwa nayo haitoshi kwa vyumba viwili, inatosha kwa kimoja.

Tulifanya kimoja. Kwenye uwazi tukapiga wavu wa kuku kwa ajili ya popo, wazo lake hilo. Chumba cha pili kina bati la kawaida, mama anawekea mahindi. Fundi kanipigia wiki iliyopita kuomba nimtumie tena zile picha, kuna mteja wake Chamwino anataka kuona.