Marekani dhidi ya dola 124,700

Waliowahi kucheza mchezo, yaani upatu, wanajua siku ya kupokea inavyokuwa tamu. Sisi wabongo wa mji huu wa Marekani tuko kumi na mbili, kila mwezi dola mia tano kila mtu, na kijumbe wetu ni dada mmoja mtu mzima ambaye hataki kabisa kusikia habari za kutumiana kwa simu, yeye anataka noti, azihesabu mbele yako, atie kwenye bahasha akukabidhi. Mwaka jana zamu ya waifu ikafika na mimi ndo nikatumwa kuzifuata. Narudi zangu usiku na dola elfu sita kwenye begi la shule la mtoto, mara taa za bluu hizo nyuma.

Kosa eti nimebadili leni bila kuwasha indiketa. Sawa, nikatoa laiseni na karatasi za insuransi. Halafu yakaja yale maswali: kuna bunduki kwenye gari? Kuna madawa? Kuna kesh nyingi? Nikajikuta nasema ipo. Akasema naomba niangalie, na mimi kwa malezi ya kwetu, askari akiomba unabishaje, nikamwambia angalia. Akazipanga juu ya boneti, upepo unapiga, noti zinataka kuruka, mi nimesimama pembeni viganja wazi kama mtu anayeomba dua. Sasa jaribu kumweleza askari wa kizungu upatu uone. Watu kumi na moja wamekupa hela? Ndiyo. Bure? Si bure, na mimi nawapa. Kwa riba? Hamna riba. Mkataba uko wapi? Hamna mkataba, kuna dada.

Akaniangalia sana. Mwisho akazirudisha akaniambia niwe makini na indiketa. Kwa hiyo mimi binafsi sina cha kulalamika, ila usiku ule usingizi uligoma nikaanza kusoma, na nilichosoma ndo kimefanya niandike hapa.

Kumbe kukataa ningeweza. Marekebisho ya Nne ya katiba yao yanakulinda usipekuliwe ovyo, ila mahakama yao ya juu kabisa iliamua mwaka 1973 kwamba polisi halazimiki kukwambia una haki ya kusema hapana. Yaani haki unayo lakini ni juu yako kujua unayo. Na mwaka 2015 wakasema askari akishamaliza mambo ya trafiki hawezi kukuweka pale kusubiri mbwa wa kunusa bila sababu ya maana ya kukushuku. Nzuri. Nani aliwahi kutuambia haya? Tulivyofika huku tulifundishwa kufungua akaunti ya benki na kutenganisha taka.

Lakini kilichonimaliza ni hili la kutaifisha, yaani serikali kuchukua mali ya mtu ikidai inahusiana na uhalifu. Kule nyumbani tumezoea kesi inaitwa Jamhuri dhidi ya Fulani, mtu ana jina, anasimama kizimbani. Huku kuna kesi, naomba usicheke, inaitwa Marekani dhidi ya dola 124,700. Mshtakiwa ni hela. Jamaa alikamatwa kwa spidi Nebraska mwaka 2003 kwenye ile barabara kuu namba 80, gari ya kukodi, wakakuta noti kwenye kisanduku cha kuwekea vinywaji baridi. Madawa hayakuonekana hata punje. Yeye akasema walichanga watu kadhaa, akaenda Chicago kununua lori la friji, akakuta limeshauzwa, ndo anarudi nazo. Na kweli mwanzoni alidanganya kwamba hana hela, akasema aliogopa. Ila mbwa alinusa akaonyesha dalili, na mwaka 2006 mahakama ya rufaa ikasema kesh nyingi namna ile ni ushahidi mzito wa biashara ya madawa, ikaipa serikali ushindi baada ya mahakama ya chini kumpa yeye. Mimi niliposoma pale pa "walichanga" mwili ulinisisimka. Hiyo si ndo sisi?

Mambo haya ni ya zamani, yalianza na meli. Meli ya magendo ikikamatwa bandarini na mwenyewe yuko ng'ambo huwezi kumfikia, basi unaishtaki meli. Hapo naelewa. Ila huyu wa barabarani yupo palepale ameshika laiseni, ana anwani na namba ya simu. Kwanini usimshtaki yeye? Jibu langu, na hapa ndo natofautiana na washkaji wengi wanaosema tatizo ni askari wabaya, ni kwamba ukimshtaki mtu katiba nzima inaamka. Wakili wa bure akiwa hana uwezo, haki hiyo ipo toka 1963. Serikali lazima ithibitishe bila kuacha shaka. Ukiishtaki hela, yote hayo yanapukutika. Hela haina haki ya wakili. Kwenye kesi za serikali kuu inatakiwa tu mizani ielemee upande wa serikali kidogo, na kama mali ni yako ila kosa kafanya mwingine, wewe ndo uthibitishe kwamba hukujua. Unaletewa barua, na muda wa kudai unaweza kuwa siku 35 tu tangu ilipotumwa. Umehama nyumba? Pole. Sasa mtu amechukuliwa dola elfu mbili, wakili anataka zaidi ya hizo, atapigana ili iweje?

Philadelphia walikuwa na chumba cha kesi hizi, namba 478 pale jengo la jiji, kinaitwa mahakama, ila jaji hakuna. Waliokuwa wanaendesha mambo mle ni waendesha mashtaka wenyewe, walewale wanaoitaka nyumba yako. Watu walikuwa wanaitwa tena na tena, ukikosa siku moja mali imekwenda. Jiji lilishtakiwa na mwaka 2018 likakubali yaishe na kubadili utaratibu.

Na hela inakwenda wapi? Hapa sasa. Toka sheria ya 1984, polisi wa mtaa wakishirikiana na serikali kuu wanaweza kurudishiwa mpaka asilimia 80. Yaani refa analipwa kwa kila penalti anayotoa, halafu tunashangaa penalti nyingi.

Sisemi mahakama zao zimelala kabisa. Mwaka 2019 majaji wote tisa wa ile mahakama ya juu kabisa walikubaliana kwenye kesi ya Tyson Timbs wa Indiana. Huyu kweli aliuza heroini kidogo, alikiri, hakuna ubishi. Wakamchukulia Land Rover ya dola 42,000 aliyonunua kwa hela ya bima baada ya baba yake kufariki, wakati faini ya juu kabisa ya kosa lake ni dola 10,000. Majaji wakasema marufuku ya faini za kupitiliza inazibana na serikali za majimbo. Hata hivyo kesi ilirudi Indiana ikazunguka mpaka 2021. Kwa ajili ya gari moja! Halafu mwaka 2024 wakaletewa wanawake wawili waliokamatiwa magari kule Alabama kwa makosa ya watu wengine, wao wanaomba tu kusikilizwa mapema ili wapate usafiri wakati kesi inaendelea, majaji sita kwa watatu wakasema katiba hailazimishi hivyo.

Watetezi wanasema bila hii mabosi wa madawa watapeta. Inawezekana wengine kweli. Ila New Mexico waliifuta mwaka 2015, hutaifishi mpaka mtu atiwe hatiani kwanza na hela inaenda hazina ya jimbo, si kwa polisi. Mimi ningeanzia hapo hapo kwenye hela, hayo mengine yatafuata yenyewe.

Nilimweleza kijumbe haya yote, nikamsomea mpaka ile ya Nebraska, nikamwomba tuhamie kwenye kutumiana kwa simu. Akanisikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Mdogo wangu, benki wakikufungia akaunti unaenda kumlilia nani? Mimi unanijua." Tukaafikiana nusu: noti zinaendelea, ila sasa anaandika karatasi, majina kumi na mawili, kila mtu na sahihi yake, na karatasi inasafiri kwenye bahasha pamoja na hela. Mwezi huu ni zamu ya fundi mmoja anayeishi mbali kuliko wote. Nimemwambia awashe indiketa.