Pengo la sifuri linaloweza kugeuka asilimia 15

Chukua kampuni yenye wafanyakazi 200, nusu wanaume na nusu wanawake, na ngazi mbili tu za mshahara. Wa ngazi ya chini wanalipwa euro 2,500 kwa mwezi, wa ngazi ya juu euro 4,000, na ndani ya kila ngazi hakuna anayepunjwa hata senti moja. Wanaume 40 wako chini na 60 wako juu. Wanawake 70 wako chini na 30 wako juu. Ukipiga hesabu, mwanamume wa wastani anapata euro 3,400 na mwanamke euro 2,950. Pengo ni zaidi kidogo ya asilimia 13.

Mkurugenzi akiiona namba hiyo anashtuka, anamwita mtakwimu. Mtakwimu anaingiza ngazi ya kazi kwenye hesabu, yaani analinganisha wa ngazi moja peke yao, na pengo lote linayeyuka. Limebaki sifuri. Kikao kinafungwa, kila mmoja anashusha pumzi.

Je, sifuri hiyo ni ukweli, au ni pazia? Waajiri wa Ulaya hawana budi kulijibu swali hili kwa tarehe maalumu. Agizo la Umoja wa Ulaya namba 2023/970 kuhusu uwazi wa mishahara, lililopitishwa Mei 2023, liliwapa nchi wanachama hadi tarehe 7 Juni 2026 kuliingiza kwenye sheria zao. Mwombaji kazi ana haki ya kujua mshahara wa kuanzia au kiwango chake cha chini na cha juu, na haruhusiwi kuulizwa alikotoka alikuwa analipwa nini. Mfanyakazi anaweza kudai aonyeshwe wastani wa malipo ya wanaume na wa wanawake wanaofanya kazi sawa na yake au yenye thamani sawa. Waajiri wenye wafanyakazi 150 au zaidi wanatakiwa kutoa ripoti ya kwanza kufikia tarehe 7 Juni 2027, nayo itahusu mishahara ya mwaka 2026. Wenye wafanyakazi 100 hadi 149 wamepewa hadi 2031.

Kipengele kinachowakosesha waajiri usingizi ni kile cha asilimia 5. Wastani wa malipo ukipishana kwa asilimia 5 au zaidi katika kundi lolote la wafanyakazi, mwajiri akashindwa kutoa sababu za haki zisizohusiana na jinsia, na miezi sita ikapita bila kurekebisha, inabidi akae na wawakilishi wa wafanyakazi kufanya tathmini ya pamoja ya mishahara. Hapo ndipo mtakwimu anapotafutwa mapema, kabla ripoti haijatoka.

Wanaotetea uchambuzi wa takwimu wana hoja nzito, na naanza nao kwa sababu wanasingiziwa mno. Pengo ghafi, yaani lile la kabla ya kuingiza kigezo chochote, halisemi lolote kuhusu sababu. Asilimia 13 ile inaweza kutokana na mishahara yenyewe, na aliyeajiriwa kufanya nini, na nani ana miaka 20 kazini na nani ana miwili. Mwajiri akiitibu bila kujua chanzo atatibu kichwa wakati kinachouma ni mguu. Ndiyo maana tangu mwaka 1973, wanauchumi Ronald Oaxaca na Alan Blinder walipochapisha, kila mmoja kivyake, mbinu ya kulikata pengo vipande viwili, wachambuzi wamekuwa wakiuliza: sehemu gani inaelezwa na elimu, uzoefu na aina ya kazi, na sehemu gani inabaki bila maelezo? Regresheni, yaani hesabu inayopima mchango wa kila kigezo huku vingine vikishikiliwa palepale, ndiyo chombo chao cha kila siku.

Uswisi, ambayo haimo kwenye Umoja wa Ulaya, imekwenda mbali zaidi. Tangu tarehe 1 Julai 2020 waajiri wenye wafanyakazi 100 na zaidi wanapaswa kuchambua usawa wa mishahara yao, na serikali inawapa bure programu iitwayo Logib inayopiga regresheni hiyo. Inazingatia elimu, miaka kazini, uzoefu unaokadiriwa, ugumu wa kazi na cheo. Mwajiri mdogo asiye na mtakwimu hata mmoja anapata jibu linaloweza kulinganishwa na la jirani yake. Hilo si jambo dogo.

Halafu kuna suala la makundi madogo, ambalo wanasheria hulipita haraka. Tuseme kundi lina watu sita. Wanawake watatu wanapata euro 3,000 kila mmoja. Wanaume wawili wanapata 3,000, wa tatu anapata 3,600. Wastani wa wanaume ni 3,200 na pengo ni asilimia 6.25, tayari limevuka mstari. Lakini wapange kwenye foleni kwa mshahara, umtazame aliye katikati kwa kila upande: wote wawili wana 3,000. Pengo la mediani ni sifuri. Mtu mmoja ndiye aliyelizaa pengo zima. Geuza upande wa pili: katika kundi la watu 2,000, pengo la asilimia 3 linaweza kabisa lisiwe la bahati nasibu, ila halifikii mstari na kengele haitalia. Asilimia 5 ni mstari wa sheria, haujui ukubwa wa kundi. Anayejua ni mtakwimu, na mahakama iliona umuhimu huo zamani. Katika kesi ya Enderby ya mwaka 1993, Mahakama ya Haki ya Ulaya ilisema ni juu ya jaji wa nchi husika kupima kama takwimu zinahusu watu wa kutosha na kama hazionyeshi jambo lililotokea kwa bahati tu.

Sasa upande wa pili.

Rudi kwa wale 200. Tuseme kati ya wanawake 70 wa ngazi ya chini, 20 wanaratibu huduma kwa wateja: wanapanga zamu, wanapokea matusi ya wateja siku nzima, wanaamua nani arudishiwe pesa, wanafundisha wapya. Kwa historia tu, kazi hiyo imekaa ngazi ya chini, kwa kuwa alipoianza mtu wa kwanza ilikuwa kupokea simu. Agizo la Ulaya linasema thamani ya kazi hupimwa kwa ujuzi, juhudi, wajibu na mazingira ya kazi. Ukiipima kwa vigezo hivyo vinne, tuseme inatoka sawa na kazi za ngazi ya juu. Basi kundi sahihi la kulinganisha lina wanaume 60 wa euro 4,000, wanawake 30 wa euro 4,000, na wanawake 20 wa euro 2,500. Wastani wa wanawake hao 50 ni euro 3,400. Pengo ni asilimia 15.

Data ni zilezile na programu ni ileile. Sifuri imekuwa 15 kwa sababu tu mtu ameuliza kazi ina thamani gani badala ya kuuliza imeandikwa ngazi gani.

Ndipo ninaposimama na wakosoaji. Kigezo unachokiingiza kwenye regresheni kinaweza kuwa chenyewe ndicho kilichobeba ubaguzi. Cheo, ngazi, alama za utendaji alizotoa msimamizi yuleyule anayependekeza bonasi, mshahara wa kuanzia uliopatikana kwa kujua kubembeleza: kila kimoja kinapunguza pengo kwenye karatasi bila kumwongezea mtu senti. Mchambuzi mwenye nia ya kumfurahisha bosi ataongeza vigezo mpaka namba itulie. Hata Logib, pamoja na sifa zake, inachukua cheo kama kilivyo, na haiwezi kujua kama mtu alinyimwa cheo hicho.

Mahakama nazo hazimezi kila maelezo. Februari 2023 Mahakama ya Shirikisho ya Kazi ya Ujerumani iliamua kwamba mwajiri hawezi kutetea mshahara mdogo wa mwanamke kwa kusema tu kwamba mwenzake wa kiume alijadiliana vizuri zaidi. Na mwaka 1989, katika kesi ya Denmark iliyoihusu kampuni ya Danfoss, Mahakama ya Haki ya Ulaya ilikuwa imeshasema kwamba mfumo wa malipo usioeleweka kabisa, ukiunganika na wastani wa wanawake ulio chini, unauhamishia mwajiri mzigo wa kuthibitisha. Pengo katika kesi ile lilikuwa asilimia 6.85. Kwa hiyo "kilichoelezwa" na regresheni hakijawa "kilichohalalishwa". Ni maneno mawili tofauti, na makosa mengi huzaliwa pale yanapotumiwa kama neno moja.

Kuna hoja nyingine ya kupinga, ya kisheria zaidi, na nimeisikia ikisemwa kwa sauti ya chini: usichunguze sana, maana ukishajua huwezi kudai hukujua. Wanaoishika hupendekeza uchambuzi ufanywe chini ya mwamvuli wa wakili ili usitoke nje. Naelewa woga huo, lakini siukubali. Mficha maradhi kifo humuumbua. Agizo lenyewe linataka wawakilishi wa wafanyakazi washauriwe juu ya usahihi wa ripoti na waione mbinu iliyotumika. Hesabu uliyoificha mwaka huu utalazimika kuieleza baadaye, tena mbele ya watu wanaouliza kwa nini uliificha.

Hoja inayonipa shida kweli ni ile ya matokeo. Mwaka 2006 Denmark ilipitisha sheria ya kuzitaka kampuni zenye wafanyakazi 35 na zaidi zitoe takwimu za mishahara kwa jinsia. Utafiti uliofuatilia kampuni hizo ulikuta pengo limepungua kwa takribani pointi mbili za asilimia, na sehemu kubwa ilitokana na mishahara ya wanaume kupanda polepole kuliko awali. Kuna atakayesema huo si usawa, ni kuwashusha wengine. Mimi naona ni onyo kwa anayeandaa hesabu: ukilenga namba ya wastani, utaipata namba ya wastani kwa njia yoyote iliyo rahisi. Ukiwalenga watu, itabidi uwatafute mmoja mmoja.

Kwa hiyo ningeomba kazi ianze kinyume na inavyoanza mara nyingi. Kabla ya kufungua programu yoyote, kazi zipimwe thamani, na wafanyakazi wawepo mezani. Mara nyingi anayeifanya kazi ndiye pekee anayejua ina nini ndani, na yule mratibu wa huduma kwa wateja hataonekana kwenye safu yoyote ya jedwali. Baada ya hapo, pengo ghafi liandikwe. Kisha vigezo viongezwe kimoja kimoja, na kila hatua iachwe ionekane: pengo lilikuwa kiasi gani kabla ya kuingiza cheo, likawa kiasi gani baada yake. Pale kigezo kimoja kinapokula nusu ya pengo, hapo ndipo pa kuchimba. Katika makundi madogo regresheni iachwe kabisa, watu wafungue majalada na kusoma kwa nini yule mmoja anapata 3,600. Na mwishoni itolewe orodha ya majina, ya wale ambao mshahara wao uko chini sana ya unaotarajiwa na hakuna anayeweza kueleza sababu.

Gharama? Kuwapandisha wale wanawake 20 kutoka 2,500 hadi 4,000 ni euro 30,000 kwa mwezi, kwenye kampuni inayolipa mishahara ya euro 635,000. Ni kama asilimia 4.7, na kwa mwajiri wa kawaida hilo linauma. Lakini Agizo linampa aliyepunjwa haki ya kulipwa malimbikizo yote pamoja na bonasi zinazohusiana nayo, na muda wa kudai hauwezi kuwekwa chini ya miaka mitatu, wala hauanzi kuhesabiwa kabla mhusika hajajua, au hajatarajiwa kujua, kwamba anapunjwa. Kwa wanawake 20, miaka mitatu ya tofauti hiyo ni euro 1,080,000 bila bonasi wala riba, na mshahara wa mwezi unaofuata bado utatakiwa kupanda.