Alama za kuchangia mjadala: anayelipwa ni aliyejiandaa au mwenye mdomo?

Katika vyuo vingi vya ufundi na taaluma, mkufunzi akichoka na darasa lililonyamaza hukimbilia dawa moja: anayechangia mjadala apate alama, anayekaa kimya azikose. Ni dawa ya haraka. Kama inatibu ugonjwa wenyewe, hilo ni jambo jingine.

Wanaoitetea wana hoja nzito. Kazi nyingi zinazofundishwa vyuoni humo hufanyika kwa mdomo kama zinavyofanyika kwa mikono. Muuguzi anayemaliza zamu hukabidhi wagonjwa kwa maelezo. Akisahau kutaja dawa iliyokwisha kutolewa, mgonjwa anaweza kupewa dozi mara mbili. Fundi wa magari asiyejua kumhoji mteja kuhusu mlio anaousikia atafungua injini bure. Halafu kuna tafiti. Scott Freeman na wenzake walikusanya tafiti 225 za masomo ya sayansi, uhandisi na hisabati, na mwaka 2014 wakaripoti kwamba waliofundishwa kwa mihadhara mitupu walikuwa na uwezekano wa kufeli mara 1.5 ya wale walioshirikishwa. Lakini kushirikishwa huko kulikuwa kwa namna nyingi, yakiwemo mazoezi ya vikundi. Hakukuwa kunyoosha mkono tu, na anayeutumia utafiti huo kutetea alama za kuongea anauvuta mbali.

Upande wa pili huanza na swali la nani hasa anakaa kimya. Baadhi ya wanafunzi wa vyuo hivi ni watu wazima wenye ajira na watoto. Mmoja ametoka zamu ya usiku, mwingine alichekwa shuleni miaka kumi iliyopita na hajasahau. Mwaka 1976 wanasosholojia David Karp na William Yoels walionyesha kuwa katika madarasa ya chuo wanafunzi wachache hubeba sehemu kubwa ya mazungumzo, na wengine huwaachia. Ukipachika alama juu ya mazoea hayo, unawalipa walewale. Kibaya zaidi, unawafundisha kusema ili waonekane, hata kama kitini hawajakifungua.

Kwa maoni yangu, kimya kingi cha darasani huzaliwa jana yake. Mkufunzi anasema “someni sura ya nne”, bila kueleza wanatafuta nini humo, kisha kesho anauliza, “Mna maswali?” Nani atakuwa nayo? Mpe mwanafunzi maswali mawili ayajibu kwa nusu ukurasa, moja likihusu kazi anayoifanya au anayoisomea, aje na karatasi hiyo mkononi. Mwoga naye atakuwa na cha kusoma kwa sauti. Dakika mbili za kulinganisha majibu na jirani zitamwondolea hofu ya kuwa peke yake katika kukosea.

Baada ya hapo mkufunzi ajifunze kusubiri. Mary Budd Rowe, aliyechunguza madarasa ya sayansi katika miaka ya 1970, aliona walimu wakisubiri jibu kwa takriban sekunde moja tu. Waliposubiri tatu au zaidi, majibu yalirefuka na waliojitolea kujibu waliongezeka. Sekunde tatu ni nyingi ukiwa umesimama mbele ya watu, jaribu uone.

Je, kumtaja kwa jina asiyenyoosha mkono? Wengi huuona kuwa ukatili. Hata hivyo, utafiti wa Elise Dallimore na wenzake wa mwaka 2013 uligundua kwamba pale wakufunzi walipotaja majina mara kwa mara, idadi ya waliojitolea wenyewe ilipanda kadiri muhula ulivyosonga. Mimi ningeukubali mtindo huo kwa sharti moja: anayetajwa awe ameshaandika jibu lake. Kabla ya hapo ni kumvizia mtu.

Kwa hiyo alama ziende kwenye karatasi. Sauti isipimwe, ila pale ambapo somo lenyewe ni kuzungumza, kama kukabidhi zamu au kumhudumia mteja. Hapo wafanye mazoezi kwanza, na vigezo wavijue mapema. Wapo watakaonakili mlangoni, ndiyo maana swali moja ni la kazi ya mtu mwenyewe, haliigiki kirahisi. Na mkufunzi mwenye wanafunzi hamsini atalalamika kuhusu kusahihisha. Asisahihishe zote: achukue tano kila kipindi, bila kutangaza ni za nani.